Doreen Nabwire, binti wa Korogocho: namna mpira wa mtaani ulivyomfikisha Ujerumani

Bihambwe, Masisi. Katika vijiji vya barabara inayotoka Mushaki kwenda Rubaya, mpira huchezwa popote penye nafasi iliyo sawa: kiwanja cha shule, uwanja wa kanisa, malisho ya ng'ombe kando ya kilima. Mara nyingi mpira wenyewe ni mifuko ya plastiki iliyokunjwa na kufungwa kwa kamba za migomba. Vita ikifika, watoto hukimbia pamoja na wazazi wao, na mpira wa namna hiyo hutengenezwa tena kule wanakofikia. Ulichezwa Bulengo na Lushagala wakati makambi ya wahami yalipojaa kandokando ya Goma. Makambi hayo yalipovunjwa mwezi wa Februari 2025 na familia zikatawanyika, wengine wakarudi vijijini na wengine wakaenda mbali zaidi, mpira ulikwenda pamoja na watoto.

Lakini tazama ni nani wanaocheza. Wengi ni wavulana. Wasichana husimama pembeni, mmoja na mdogo wake mgongoni, mwingine na bidoni ya maji chini ya mguu, wakiangalia. Na pale anapotokea msichana anayeweza kuupiga mpira kuwashinda kaka zake, swali huja haraka nyumbani: huyu mpira utamfikisha wapi?

Swali hilo liliulizwa pia Nairobi, katika mitaa ya maskini ya Mathare na Korogocho. Msichana mmoja wa kule alikuja kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kucheza kabumbu ya kulipwa Ulaya. Jina lake ni Doreen Nabwire. Watu wengi huijua safari yake kuanzia Ujerumani. Inayofaa zaidi kusikilizwa na wazazi wa Masisi ni sehemu ya mwanzo, kabla hajapanda ndege.

Korogocho ni mahali gani

Korogocho iko upande wa mashariki wa Nairobi, karibu na jalala kubwa la Dandora, ambako takataka za muji mzima humwagwa. Nyumba zake ni za mabati, udongo na mbao, zimebanana, na njia zake ni nyembamba. Jirani yake ni Mathare, bonde lenye watu wengi sana, ambalo kwa miaka mingi halikuwa na huduma ya kuzoa takataka. Mvua ikinyesha, maji machafu yalipita milangoni. Watu wengi wa mitaa hiyo walikuwa wametoka mashambani kutafuta kazi, na hawakuwa na hati yoyote ya ardhi waliyojengea. Leo wapo, kesho wanaweza kubomolewa. Mhami wa Masisi anaweza kuelewa maisha ya namna hiyo bila kufafanuliwa.

Nabwire alizaliwa mwaka 1987 na kukulia huko. Kama wasichana wengi waliokuja kuwa wachezaji, alianza kwa kucheza na wavulana, kwa sababu timu ya wasichana mtaani haikuwa kitu cha kawaida. Mwaka huohuo wa 1987 kulianza jambo jirani, ndani ya Mathare, ambalo lingebadilisha maisha yake.

Mpira na koleo

Mkanada mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya mazingira Nairobi, Bob Munro, alisimama Mathare kutazama watoto wakicheza mpira wa plastiki na kamba. Watoto walitaka mipira ya kweli, na walitaka ligi yenye mwamuzi kama ya watu wakubwa. Makubaliano yaliyofuata yalikuwa mepesi: ukifanya kitu, utapata kitu, usipofanya kitu, hutapata kitu. Watoto wangepewa ligi, nao wangesafisha mtaa wao.

Ndivyo kilivyozaliwa chama cha michezo cha vijana wa Mathare, ambacho wengi hukiita kwa kifupi MYSA. Kanuni yake ilikuwa ya ajabu kwa mtu aliyezoea kabumbu ya kawaida. Timu ilipata pointi kwa kushinda mechi, na ilipata pointi 6 kwa kumaliza kazi ya kusafisha mtaa. Hivyo timu iliyoshinda kiwanjani lakini ikakataa kushika koleo na toroli haikuweza kuchukua ubingwa. Wazazi waliokuwa wakisema mpira ni uvivu walianza kuwaona watoto wao, siku za mapumziko, wakizibua mifereji na kuzoa takataka.

Kulikuwa na kanuni nyingine. Mchezaji aliyeonyesha heshima kiwanjani alipewa kadi ya kijani, na kadi hiyo ilihesabiwa kwa faida yake. Aliyepewa kadi nyekundu alilazimika kuchezesha mechi za watoto wadogo kabla ya kurudi kucheza, ili naye aonje shida ya mwamuzi. Vijana waliofanya kazi ya kufundisha wadogo, kuongoza timu na kusafisha walikusanya pointi za msaada wa masomo. Pesa hizo hazikuwekwa mkononi mwa mtoto. Zililipwa shuleni moja kwa moja.

Tena, viongozi wa ligi walikuwa vijana wenyewe. Mtaa uligawanywa katika sehemu, kila sehemu na kamati yake, na kamati hizo zilichaguliwa na wachezaji. Kijana wa miaka 15 aliweza kukaa mezani kupanga mechi za watoto mia kadhaa. Chama kilikua hadi kufikia zaidi ya vijana 20,000. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulikitunza kwa kazi yake ya mazingira, na mwaka 1994 kilizaa klabu ya wakubwa, Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilikuwa bingwa wa Kenya.

Wasichana waliingia namna gani

Miaka ya kwanza ligi ilikuwa ya wavulana tu. Timu za wasichana zilianza mwaka 1992, Nabwire akiwa mtoto wa miaka mitano. Hazikukaribishwa na kila mtu.

Wavulana walisema viwanja havitoshi. Kiwanja kilikuwa kimoja kwa timu nyingi, na kila saa iliyopewa wasichana ilitoka kwenye saa zao. Wazazi walikuwa na sababu zao pia, na hazikuwa sababu za kijinga. Msichana ndiye aliyechota maji, aliyepika, aliyelea wadogo wakati mama yuko sokoni. Akienda mpirani, nani afanye kazi hiyo? Akichelewa kurudi, nani atamlinda njiani usiku, katika mtaa ambako wasichana wanashambuliwa? Na kocha huyo kijana mwanamume, ni mtu wa namna gani? Tena kulikuwa na maneno ya watu: msichana anayevaa kaptula hataolewa, anayekimbia na wavulana ameharibika, mpira unaondoa uzazi.

Hotuba za haki za wanawake peke yake hazingeliweza kuwajibu wazazi hao. Kilichosaidia ni mambo madogo ya kila siku. Mechi za wasichana zilipangwa mapema ili wafike nyumbani kabla ya giza. Viongozi walikwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi, wakieleza mtoto atakuwa wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Msichana aliyekuwa na mdogo wa kulea aliruhusiwa kuja naye, na mtoto akawekwa pembeni ya kiwanja mahali panapoonekana. Wanawake vijana walianza kufundishwa ukocha na uamuzi, ili mzazi amwone mwanamke mwenzake akiongoza. Kanuni ya usafi ilikuwa moja kwa wote: wavulana na wasichana walishika koleo lilelile.

Safari nazo zilisaidia. Kila mwaka MYSA ilipeleka timu kwenye mashindano makubwa ya watoto huko Oslo, nchi ya Norwe. Yalianza kwa wavulana, baadaye wasichana nao wakapanda ndege. Katika mtaa ambako watu wengi hawajawahi kufika uwanja wa ndege hata kusindikiza mtu, binti wa jirani kurudi kutoka Ulaya na kombe kulifunga midomo mingi. Baba aliyekuwa akimpiga binti yake kwa sababu ya mpira alianza kumuuliza kama mazoezi ni leo.

Msichana aliyekutana na ligi iliyo tayari

Hapo ndipo Nabwire alipokulia. Alipofika umri wa kucheza kwa nguvu, kulikuwa na mahali pa kwenda: timu za wasichana, ratiba, waamuzi, na dada wakubwa waliokuwa wamekwisha kusikia matusi yote na kuyazoea. Kipaji kilikuwa chake mwenyewe. Alicheza katikati na mbele, akajulikana kwa ufundi wa mguu unaopatikana kwa mtu aliyekulia kwenye nafasi ndogo, ambako ukiuachia mpira hatua moja tu umekwisha kupokonywa. Lakini Nairobi ilikuwa na wasichana wengi wenye kipaji kabla yake, nao waliishia kwenye njia za mtaa kwa sababu hakukuwa na ligi ya kuwapokea.

Kupitia MYSA aliingia timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, Harambee Starlets. Kuvaa jezi ya taifa wakati ule hakukuwa utajiri. Hakukuwa na klabu ya wanawake Kenya iliyolipa mshahara wa kumlisha mtu. Timu ya taifa ilikaa miezi mingi bila mechi, na mashirikisho ya mpira Afrika Mashariki yaliwakumbuka wanawake pale tu ilipobaki pesa kidogo. Mchezaji aliendelea kufundisha watoto mtaani huku akijitafutia maisha.

Mlango wa Ujerumani ulianza kufunguka kupitia mpira huohuo wa mtaani. Mwaka 2006, Ujerumani ilipoandaa Kombe la Dunia la wanaume, muji wa Berlin uliandaa pia tamasha la kabumbu ya mitaani kwa vijana wa mashirika kutoka nchi mbalimbali. Timu zilichanganya wavulana na wasichana. Kombe lilichukuliwa na vijana wa MYSA. Mitaa ya Mathare na Korogocho ikajulikana kwa watu wa mpira wa nchi ile.

Miaka michache baadaye Nabwire alisaini Werder Bremen. Timu ya wanawake ya klabu hiyo kubwa nayo ilikuwa changa, imeanzishwa mwaka 2007. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa Kenya alikuwa mchezaji wa kulipwa Ulaya. Alicheza pia FC Zwolle ya Uholanzi na 1. FC Köln ya Ujerumani.

Ujerumani nayo ilikataza

Wapo wanaosema kabumbu ya wanawake ni desturi ya wazungu isiyotuhusu. Historia haisemi hivyo. Shirikisho la mpira la Ujerumani ya Magharibi liliwakataza wanawake kucheza kwenye vilabu vyake tangu mwaka 1955 hadi 1970. Uingereza, nchi inayojiita mama wa kabumbu, iliwafungia wanawake viwanja vya vilabu vya chama chake tangu mwaka 1921, na kizuizi hicho kilikaa karibu miaka 50. Sababu zilizotolewa zilifanana na zile za Korogocho na za Bihambwe: mwili wa mwanamke hauwezi, uzazi utaharibika, heshima itapotea. Kombe la kwanza la Dunia la wanawake lilichezwa China mwaka 1991, na Afrika ilikuwa na timu moja tu, Nigeria. Wasichana wa Mathare walianza mwaka mmoja tu baada ya hapo. Tukisema walichelewa, hawakuchelewa sana kuliko dunia.

Kwetu Kongo pia historia ipo, ingawa haisimuliwi. Mwezi wa Oktoba 1998 timu ya taifa ya wanawake ya Kongo ilishika nafasi ya tatu katika mashindano ya Afrika yaliyochezwa Nigeria. Vita ya pili ilikuwa imeanza mwezi wa Agosti mwaka uleule, na huku mashariki watu walikuwa wakitafuta pa kujificha, si matokeo ya mpira. Wasichana wa Kongo wa chini ya miaka 20 walikwenda Kombe la Dunia nchini Urusi mwaka 2006 na Chile mwaka 2008. Mwaka 2024 wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi waliifunga AS FAR ya Moroko 1-0 katika fainali, wakawa mabingwa wa vilabu vya Afrika. Mwaka 2025 Leopards wanawake walirudi kwenye mashindano ya Afrika huko Moroko, mara ya kwanza tangu mwaka 2012.

Kabumbu ya wanawake ya nchi hii imejengwa zaidi Kinshasa na Lubumbashi, kwenye vilabu vyenye wenyewe na pesa. Kwa msichana wa kijijini Masisi, mbali na miji hiyo na barabara ikiwa imefungwa kila mara, Korogocho iko karibu zaidi na maisha yake kuliko Lubumbashi.

Alichofanya baada ya kurudi

Nabwire hakubaki Ulaya. Alirudi Kenya na kuanzisha shirika la wasichana, Girls Unlimited, linalotumia mpira kuwakusanya na kuwasaidia. Baadaye alipewa kazi ya kusimamia maendeleo ya kabumbu ya wanawake katika Shirikisho la Soka la Kenya. Mtu aliyewahi kusubiri mechi miezi mingi akawa mmoja wa wanaopanga mechi.

Mabadiliko yalionekana polepole. Mwaka 2016 Harambee Starlets walifika kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya mwisho ya Afrika, huko Kamerun. Mwaka 2024 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika, wakaifunga Mexico 2-1. Hakuna timu nyingine ya Kenya, hata ya wanaume, iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia la kabumbu. Wasichana wa miaka 16 waliivusha nchi mahali ambapo baba zao hawakufika.

Funzo lililopita kambini

Sehemu moja ya historia hii inawagusa wahami moja kwa moja. Mwaka 1999 vijana wa MYSA walianza kupeleka mpango wao Kakuma, kambi kubwa ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambako wanaishi watu kutoka Sudani ya Kusini, Somalia, Kongo na nchi nyingine. Wahusika hawakuwa wachezaji wa Ulaya waliokuja kupiga picha. Walikuwa vijana wa mtaa maskini wakiwaonyesha vijana wa kambini namna ya kuanzisha ligi: gawa sehemu, chagueni kamati, fundisheni waamuzi, hesabuni kazi ya usafi kama pointi. Kambini nako wasichana walikuwa wachache kuliko wavulana, kwa sababu zilezile za kazi za nyumbani, usalama na maneno ya watu. Nako kazi ilibidi ianzie kwa wazazi.

Ukiangalia orodha ya vitu vilivyomfikisha Nabwire alikofika, vile vya bei kubwa vilikuja mwisho. Tiketi ya ndege, jezi na mkataba vilikuja baada ya miaka mingi. Vilivyotangulia ni ratiba inayoheshimiwa, kiwanja kilichogawanywa kwa haki, mwamuzi asiyependelea, mwanamke mmoja wa kuaminika pembeni ya mstari, na saa ya kurudi nyumbani inayojulikana na mzazi. Hivyo vyote vinaweza kupatikana hata mahali ambapo mpira wenyewe ni wa plastiki na kamba.

Tusijidanganye kwamba Masisi ni Nairobi. Korogocho ilikuwa na wezi na takataka, lakini haikuwa na mabomu. Ligi inahitaji Jumamosi mbili zinazofuatana bila watu kukimbia, na siku hizi hata hilo hakuna anayeweza kuliahidi hapa. Mzazi anayemzuia binti yake asiende mbali na nyumba ana sababu nzito kuliko mzazi wa Mathare. Ndiyo maana kiwanja cha wasichana kinafaa kiwe karibu, mahali ambapo mama akisimama mlangoni anawaona, na mechi iishe jua likiwa bado juu.

Wasichana kama Nabwire hawakosekani kwenye vilima hivi. Wamo kati ya wale wanaosimama pembeni na bidoni zao, wakiangalia kaka zao wakicheza. Kabla ya kumuuliza msichana wa namna hiyo mpira utamfikisha wapi, wakubwa wa kijiji, walimu na wavulana wenyewe wanaweza kujibu swali lililo rahisi zaidi: kiwanja ni chake siku gani, na saa ngapi?